Mji Uwe Kushoto

Jumapili, 21 Aprili 1991

Daftari hili lilikuwa la hesabu za darasa la nne. Kurasa saba za mwanzo zina kuzidisha na kugawanya kwa mwanafunzi wangu mmoja wa Kismayo, na karibu zote amekosea. Sikuzichana. Nimeanza ukurasa wa nane.

Tuko roho ishirini na tatu ndani ya msitu, nyuma ya Burgao, mahali ambapo mto wa maji chumvi umekwisha na kijito cha maji matamu kinaanza. Burgao kwenyewe hakukaliki. Wenye bunduki huja na kuondoka wapendavyo. Hapa tuna vibanda vinane vya matawi na tumekwisha kupaita mjini. Mtu akienda haja anasema, "Natoka nje ya mji."

Bakri, mume wangu, hayupo. Alitushusha juzi chini ya mkoma wenye vichwa vitatu, mti wa jamii ya mnazi, akageuza mashua kurudi Ngumi, kisiwa chetu, kumchukua mama yake. Mama yake ni Mwanaasha, mavyaa wangu, na amebaki kisiwani kwa sababu yangu. Niuandike ukweli. Siku ya kuondoka alitaka kupakia jiwe lake la kusagia. Mashua ilikuwa imejaa, watoto wamepakatwa juu ya watoto. Nikasema jiwe halipandi. Akasema kama jiwe halipandi na yeye hapandi. Nikasema, "Basi kaa." Mbele za watu. Akakaa.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu una meno. Bakri hakunigombeza hata neno moja njia nzima, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Kibanda changu kinavuja mahali pamoja tu, nilipolala.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo tumezunguka mji.

Kwetu balaa ikija, ng'ombe huzungushwa mji mzima akisomewa, pembe nne zikaadhiniwa, kisha akachinjwa watu wakala. Mwalimu Mbwana, mshona matanga anayetusalisha, alisema hatuwezi kulala mahali pasipozungukwa. Sauti yake ni kubwa kuliko elimu yake, lakini ana moyo. "Ng'ombe hachuna," akasema, "lakini mbudhi si yupo?" Mbuzi alikuwepo mmoja, wa jirani yangu Kaltuma, mwembamba kama mimi.

Kawaida wanawake hubaki majumbani na vyungu. Hapa hakuna nyumba wala vyungu, basi tulikwenda sote. Mlinzi wetu Fakihi na wanaume wengine walitangulia na mapanga kufyeka, mbuzi akafuata, nasi nyuma tukiitikia. Tulitoka kwenye mlango wa mji, tukashuka mpaka kwenye mkoma. Kutoka hapo tukafuata kijito hadi kwenye mkuyu mkubwa, tukavuka, tukapanda kilima hadi kwenye jiwe jeupe, tukateremkia upande wa pili kwenye mti wa mbambakofi, tukarudi mlangoni. Njia nzima mji tuliuweka kushoto, kama inavyopasa. Kila pembe iliadhiniwa kwa sauti ya chini, na Mwalimu Mbwana akafunga kitambaa cheupe.

Ngumi huzungukwa kabla chai haijapoa. Huu mzunguko ulituchukua saa nzima na nusu, na miguu yangu imejaa miba. Kwa mtu wa kisiwani kila kilichopita urefu wa mnazi ni mlima, kwa hiyo naandika kwamba leo nimepanda mlima.

Nyama ililika kwa mahindi mazima yaliyochemshwa ndani ya debe. Mahindi tunayo, magunia mawili ya Burgao. Cha kusagia hatuna. Hakuna aliyesema neno juu ya jiwe la mavyaa wangu, na mimi sikuwatazama machoni.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimejaribu kusaga kwa mawe ya kijitoni. Yanamong'onyoka. Tumekula uji wa mchanga.

Jumatatu, 29 Aprili

Njia ya mbuzi imekuwa njia yetu. Kila asubuhi watu wawili huizunguka: wanachota maji kwenye mkuyu, wanapanda kwenye jiwe jeupe kutazama bahari, wanateremka na kuni. Leo ilikuwa zamu yangu na Kaltuma, mwanamke anayeweza kuzungumza akiwa anapanda.

Sikutarajia kupenda. Pembeni mwa kijito kuna baridi nzuri, maji yanapita juu ya mizizi ya mikuyu na kima wanatutupia tini zilizoliwa nusu. Kwetu ukitembea kidogo umefika baharini. Hapa unatembea na bado kuna mti mwingine. Penye jiwe jeupe unaona mikoko yote, mto wa chumvi ukijipinda, na mbali bahari. Visiwa vyetu havionekani. Nilivitafuta hata hivyo.

Fakihi ametoa amri. Huyu alikuwa kipa wa timu moja ya Kismayo, mtu mpana, sasa ndiye mlinzi wetu. Silaha yake ni chusa, mkuki wa kupigia kasa. Anakaa penye pinda, kona ya njia iliyo kati ya mlango na mkoma, mahali ambapo majani yamefunga hata uso wa mtu huuoni mpaka akufikie mkononi. "Sikizani," akasema. "Sisi sote chwazunguka upande mmoya. Mji uwe kushoto. Wachu wa upande mmoya hawakutani. Ukikutana na mchu uso kwa uso, huyo si wechu. Anayekuya kwa nyuma ni wechu." Kupiga kelele hakuruhusiwi, kuuliza "nani" hakuruhusiwi. Mwenye bunduki ukimwuliza nani, jibu lake unalijua.

Niliona ni amri ya akili sana. Nilimsifu.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua tangu alfajiri. Bakri bado.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Kaltuma anasema mahindi yamemvunja jino. Amelihifadhi kwenye ncha ya leso anionyeshe kila siku.

Jumapili, 5 Mei

Zubeiri wa Kiunga, mwenye mashua ya mashine, ameahidi kutuvusha mpaka Kenya. Habari ilikuja kwa mvuvi wa Burgao. Ila hawezi kuingia mtoni wakati wa maji madogo, mchanga wa mlango wa mto utamkamata na wote watamwona. Atakuja kwenye bamvua, maji yakijaa kupita kawaida. Ya karibu ni tarehe kumi na nne.

Siku tisa. Kutoka Ngumi kuja hapa ni siku moja tu ya bahari nzuri, na Bakri ameondoka tangu kumi na tisa Aprili. Nahesabu kama yule mwanafunzi wangu, nakosea kila mara kwa upande wa matumaini.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi zamu ilikuwa ya Abdalla, mume wa Kaltuma, na mimi. Tulipita kwenye pinda la Fakihi, yeye akatuona migongo kama kawaida, tukafika kwenye mkoma. Hapo Abdalla akajipapasa kiunoni. Kisu chake amekiacha mlangoni alipokuwa akichonga kijiti. Nikamwambia twende, tutakipata tukimaliza mzunguko. Akasema, "Saa nzima na nusu kwa kisu kilichoko hapo tu? Ningoye." Akageuka. Hata mimi sikukumbuka. Niliona mgongo wake unaingia majanini, nikaokota koma, tunda la mkoma, nikaanza kulimenya.

Nilisikia kitu kama mtu anayepiga mkeka kutoa vumbi. Nikakimbia. Nilipofika Abdalla alikuwa akisema, "Ni mimi," kwa sauti ndogo kabisa ya mtu anayeomba radhi.

Chusa lilikuwa limemwingia pajani. Fakihi alikuwa amelishika bado, kasimama amekodoa, na midomo inasema, "Mbona wakuya mbele? Mbona wakuya mbele?" Tulimlaza. Chusa lina ndoana, halitoki lilivyoingia. Alilitoa Mwalimu Mbwana kwa kisu kilekile kilichosahauliwa. Kaltuma alimshika mumewe kichwa na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Damu ilikoma adhuhuri. Mshipa mkubwa haukuguswa, alhamdulillahi.

Jioni Fakihi alikuja akaketi mbele ya kibanda chao na kulia wazi, mtu mzima mwenye mabega kama yale. Abdalla akamwambia, "Wewe ni kipa. Mpira ukiya, wadaka." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kisha katikati ya kicheko nikaelewa.

Bakri haijui amri. Aliondoka kabla ya mzunguko. Atashuka chini ya mkoma, ataona njia mbili: moja inakwenda kijitoni na kuupanda mlima, nyingine inakuja mjini moja kwa moja, robo saa. Na Bakri hajapata kuiona njia ya mkato akaiacha. Hata kwenda msikitini alikuwa akipita uani kwa watu.

Atakuja mbele. Uso kwa uso.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeomba amri iondolewe. Mwalimu Mbwana alinisikiliza vizuri. Akasema juzi zimeonekana nyayo za viatu vya kijeshi matopeni, si mbali na mkoma. Nikaomba basi mtu akae kwenye mkoma kumngojea. Hapana, aliyekaa pale ataonekana na kila anayepita mtoni. Nikaomba tuache alama. "Alama ya kumwonyesha Bakri ndia," akasema, "itamchagua Bakri peke yake?"

Anasema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa Fakihi pale pindani. Nikamwambia habari za mume wangu: mrefu, huvuta mguu wa kulia kidogo, hukohoa akifikiri. Akanitazama kwa huruma. "Bi Wardah, Bakri namjua tangu chwacheza uchi ufuoni. Si shauri la kumjua. Hapa sioni sura. Majani yakitikisika, mkono washaondoka." Akauonyesha ule mkono wake. Ulikuwa ukitetemeka. Mlinzi mwenye mkono unaotetemeka ni hatari zaidi.

Nimebadilisha mpango wangu. Nimeomba zamu ya maji iwe yangu kila siku, asubuhi na alasiri. Wakafurahi, nani anapenda kubeba maji? Nikiwa njiani muda mwingi, huenda nikawa wa kwanza kufika kwenye mkoma.

Jumanne, 14 Mei

Bamvua. Maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mkoma. Zubeiri hakuja. Upepo wa kusi umekaza, bahari nyeupe yote ukiitazama kutoka jiwe jeupe.

Mizunguko miwili.

Jumatano, 15 Mei

Miwili.

Alhamisi, 16 Mei

Mitatu. Kaltuma anasema nitaikata dunia vipande.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imeviozesha vitambaa vya pembeni, na kile cha kwenye mkoma kimeanguka kabisa. Mwalimu Mbwana akauliza nani ana kitu cheupe. Wote wakatazama nguo zao, ambazo zote zina rangi moja ya matope. Cheupe nilikuwa nacho mimi: mtandio wa kusalia alionipa mavyaa wangu siku ya harusi. Aliupinda mwenyewe, upindo wa mishono midogo midogo, akaniambia, "Usiufulie majivu." Sijaufulia majivu. Miaka kumi na minne nimeuvaa na kuulalamikia, kwamba ni mfupi, kwamba aliupa ufupi makusudi.

Nimechana upande mmoja pamoja na upindo wake. Pembe tatu nimewaachia wanaume, ya mkoma nimefunga kwa mkono wangu.

Nikiwa nafunga nilimkumbuka alivyosimama ufuoni na lile jiwe miguuni pake. Hakulia wala hakuomba. Alilifuta mchanga kwa ncha ya kanga, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Siku ile niliona ni ukaidi. Leo nina mwezi mmoja natafuna mahindi mazima, na najiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa akifikiri safari na nani aliyekuwa akifikiri mashua tu.

Alhamisi, 23 Mei

Nyani wameiba gunia. Fakihi amewakimbiza mpaka mlimani, amerudi na gunia bila mahindi.

Jumapili, 26 Mei

Nazijua sasa hatua za njia hii. Mlangoni hadi pindani, elfu na kitu. Pindani hadi kwenye mkoma, mia moja. Kisha kijito, na hapo siwezi kuhesabu, maana kila siku ninaona kipya: ndege mweusi mwenye mdomo kama kipini cha kisu, siafu wakivuka kwa adabu, maua yameota kwenye gogo lililooza. Nina aibu kuandika kwamba kuna nyakati nafurahi. Moyo haujui kwamba kuna vita, unaona maji tu.

Juu ya jiwe jeupe huwa napumzika. Nasema, Mola, akija, aje nyuma. Ombi la ajabu. Watu wengine huomba kheri ije mbele yao.

Jumatano, 29 Mei

Zubeiri amekuja! Alasiri, maji yakiwa juu, mashua ikasukumwa kwa upondo kimya kimya mpaka chini ya mkoma. Ni ndogo kuliko tulivyodhani. Amechukua kumi na mmoja: wagonjwa, wazee na wenye watoto. Abdalla ameondoka, na Kaltuma naye.

Nilimwuliza Zubeiri habari za Ngumi. Akakuna kidevu. Akasema amepita mbali, hakuona moshi. Kisiwa kitupu. Akaona uso wangu akaongeza, "Lakini nimepita mbali, Bi Wardah."

Bamvua ijayo atarudi kwa waliobaki, na hiyo itakuwa ya mwisho, kusi likizidi hawezi tena.

Kaltuma alivua ndara zake akanivisha miguuni kwa nguvu. "Ndia yote hii utaimaliza na miguu gani?" Akapanda mashua peku. Alipokaa akafungua ncha ya leso akanionyesha lile jino, tukacheka, kisha akaanza kulia na mimi nikaanza.

Alhamisi, 30 Mei

Mji wa watu kumi na wawili. Hata mvua inasikika zaidi.

Jumatatu, 3 Juni

Mizunguko minne. Fakihi ananipa salamu bila kugeuka: "Kushoto, Bi Wardah." Namjibu, "Kushoto." Ndiyo salamu yetu.

Alhamisi, 6 Juni

Homa. Sikutoka. Nilimwuliza kila aliyepita kama majani ya pindani yametulia.

Ijumaa, 7 Juni

Homa. Fakihi ameniletea maji mwenyewe. Akakaa mlangoni akasema, "Nikilala namwona Bakri aya mbele. Kila ninapolala." Basi tuko wawili wenye kungoja mtu mmoja, na mmoja wetu ana chusa. Nilimwambia kosa ni langu, si lake, mimi ndiye niliyesema basi kaa. Akatikisa kichwa, akasema amri ni yake. Tukagombea lawama kama watoto wanaogombea kipande cha halua.

Jumanne, 11 Juni

Nimepona. Mzunguko mmoja, polepole, mwenda pole hajikwai. Kitambaa changu kwenye mkoma kingali kimefungwa. Upindo haujaachia hata uzi mmoja. Mshono wa mtu mkaidi.

Jumatano, 12 Juni

Zubeiri ametuma habari kwa mvuvi: kesho alasiri, maji ya saa kumi. Hatangoja.

Nimemwambia Mwalimu Mbwana kwamba sipandi. Akaniuliza nitafanya nini peke yangu msituni. Nikasema nitazunguka. Alikasirika, sauti yake ikatoka yote mpaka Fakihi akamnyamazisha. Kisha akasema kwa upole, "Na Bakri akifika Kenya kwa ndia nyingine, akakuta mkewe amebaki?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Sijui. Nitaandika kesho.

Ijumaa, 14 Juni. Kiunga

Nimelala usingizi wa mtu aliyekufa, nimeamka, nimekunywa chai yenye maziwa. Sasa naandika habari za jana.

Saa nane wote walikuwa wamefunga mizigo, ambayo si mizigo. Nikasema naenda mzunguko wa mwisho, nikirudi nitatoa jibu langu. Uongo. Nilikuwa nimeamua: nitakwenda polepole hata mashua iondoke.

Nilipita pindani. "Kushoto, Bi Wardah." "Kushoto." Kwenye mkoma nikasimama. Kitambaa hakikuwepo.

Nilitazama chini, hakikuanguka. Kwenye gome hapakubaki hata uzi: fundo lilikuwa limefunguliwa, si kukatwa. Nani afungue fundo la kitambaa kibovu? Mwenye bunduki hafungui mafundo. Kutoka pindani sikusikia kitu, na nilikuwa nimetoka huko huko. Nikaanza kwenda kijitoni, haraka, hatua zinavurugika, ndara za Kaltuma zinachapa. Mkuyu. Hakuna mtu. Nikavuka, nikapanda kilima karibu kwa mikono. Kwenye jiwe jeupe hakuna mtu. Chini kabisa, kwenye mikoko, niliiona mashua ya Zubeiri inaingia. Nikakaa. Nikasema moyoni, Wardah, umechelewa kwa kila kitu mwaka huu.

Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu. Zinatoka kijitoni, zinapanda, na mmoja anavuta mguu.

Na sauti, ile sauti niliyoikimbia miaka kumi na minne kutoka chumba hadi chumba: "Pole pole, waniangushia mawe. Na huyo mbele ni nani, akaa ndiani kama kichu kilichosahauliwa?"

Sikugeuka mara moja. Anayekuja kwa nyuma ni wetu. Nilitaka kukaa ndani ya neno hilo kidogo. Kisha nikageuka, na Bakri alikuwa pale, ndevu zimemjaa, mifupa mitupu, na begani amebeba lile jiwe. Nyuma yake mama yake na fimbo, na kiganjani mwake kitambaa changu.

Nilishika miguu ya mume wangu nikalia kama mtoto mchanga. Yeye akakohoa. Alikuwa anafikiri la kusema.

Habari nilizipata tukiteremka. Mashua yao ilinyang'anywa siku waliyotaka kuondoka. Walijificha kisiwani wiki sita, wakavushwa hadi bara na mtumbwi wa mvuvi, kisha wakafuata pwani kwa miguu, siku kumi na moja, jiwe likipokezanwa na mabega mawili ya mtu mmoja. Walifika kwenye mkoma jana adhuhuri, mimi nikiwa bado mjini nafunga mzigo wa watu wengine. Bakri akaiona njia fupi. Alikuwa ameshaweka mguu.

"Nikamshika kandhu," mavyaa wangu akasema. "Nimeona kichambaa, nimeona upindo wangu. Nikajua mko hai na mji umezungukwa. Mji uliozungukwa waingiwa kinyume? Nilimwambia, zunguka. Akasema, mama, ni pale tu. Nikamwambia, hata kama ni pale tu."

Walikwenda pole, wakapumzika mkuyuni ndani ya kivuli cha mizizi, mama akalala. Mimi niliwapita hapo kwa mbio zangu bila kuwaona.

Sikuwaeleza habari za chusa pale mlimani. Fakihi aliwaeleza. Tulipofika mlangoni kwa upande wa mbambakofi na Fakihi, aliyekuwa amerudi kutoka pindani, akaona ni nani, alikaa chini palepale. Kisha akasimama, akalivunja chusa juu ya goti lake. Mavyaa wangu alisikiliza habari yote hadi mwisho. Akanigeukia, akaukunjua mkono. "Na mchandio wangu ndio umeuchana hivi? Penye upindo?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna upande usio na upindo."

"Ndiyo, mama."

Nilijua anatazama siku ile ya ufuoni. Nilisema mbele ya wote, kama nilivyosema lile neno mbele ya wote: "Nisamehe. Nilikosa mimi, na jiwe halikukosa." Alinipa kile kitambaa nikishike, akaongoza kwenda kwenye mkoma, akinung'unikia mizizi.

Mashua ilikuwa imejaa. Zubeiri alitupakia mmoja mmoja, sisi watatu tukiwa wa mwisho kati ya kumi na wanne badala ya kumi na wawili, maji yakipanda ubavuni mpaka kidole kimoja tu kimebaki kikavu. Alipoliona jiwe akaweka kiganja mbele. "Hilo halipandi."

Bakri akanitazama. Mavyaa wangu akanitazama, fimbo yake imesimama matopeni, na midomo yake nikaiona inajiandaa kusema lile alilosema Ngumi.

Nikalichukua jiwe begani mwa Bakri. Ni zito kama mtoto wa miaka miwili. Nikapanda nalo, nikakaa, nikalipakata.

"Huyu ni wangu," nikamwambia Zubeiri. "Hana nafasi yake, ana yangu."

Mavyaa wangu akapanda akakaa ubavuni pangu. Njia nzima mawimbi yalitupiga, na kila jiwe lilipoloa alilifuta kwa ncha ya kanga yake, pamoja na mikono yangu iliyolipakata.